Joto la Kwa Nzomo

Mukai ndiye aliyewashawishi majirani, na hilo hakuna aliyelisahau.

Mtaa wa Kwa Nzomo, pale nyuma ya soko la Machakos, ulikuwa safu za vyumba vya mabati, na Februari ile vilichemka kama sufuria. Mukai alikuwa fundi wa nguo. Kila mchana aliiburuta cherehani yake hadi nje, maana ndani vidole viliteleza kwa jasho.

Ndipo akaja Pauline, msichana wa mradi wa tabianchi kutoka Nairobi, na katoni ya vipimajoto. Kazi yenyewe haikuwa ngumu: tundika kipimo chumbani, kisome jua likiwa kali, tuma namba kwa simu. Alitaka kujua joto la mji linavyopanda ndani ya nyumba za watu, si kwenye vituo vya hali ya hewa vya viwanja vya ndege tu.

Zamzam, aliyetenganishwa na Mukai kwa bati moja, alikuwa na mtoto mchanga, Hanif, aliyejaa vipele vya joto shingoni. Alikikataa kipimo.

"Joto nalijua, dada Mukai. Nikilipima litaenda wapi?"

"Wakiona ushahidi watatuwekea dari, Mama Hanif. Watatupandia miti. Pauline amesema."

"Amesema wataweka, ama amesema huenda?"

"Wewe nawe! Tundika tu."

Zamzam akatundika, kwa ajili ya ujirani. Wengine wakamfuata. Mukai akawa anapita mlango hadi mlango kuwakumbusha, na asiyejua kusoma kipimo alimsomea. Alijiona mtu wa maana. Zamani alilalamika peke yake. Sasa malalamiko yake yalikuwa na namba.

Mvua zilipokaribia, mradi ukaita mkutano katika ukumbi mmoja mjini. Ramani ya joto la mji ikaangazwa ukutani. Mtaa wao ulikuwa mwekundu kuliko yote. Mukai akapewa kipaza sauti.

"Nyumba zetu hazikaliki," alisema. "Hata mnyama hawezi kukaa mle mchana."

Watu wakapiga makofi. Safu ya nyuma, Mzee Nzomo mwenye vyumba alipiga makofi pia, na Mukai akadhani hatimaye mzee ameona aibu.

Haikuwa aibu. Miaka kadhaa nyuma Nzomo alitaka kuwahamisha ajenge ghorofa, wapangaji wakamshtaki, na mahakama ikamwambia alete sababu. Sasa alikuwa nayo. Wakili wake alisimama mahakamani na ramani ya mradi, akasoma joto la chumba kimoja baada ya kingine, kisha akayasoma maneno ya Mukai neno kwa neno. Hakimu akauliza kama kuna anayepinga namba hizo. Wapangaji walitazamana. Wangepinga vipi? Walizipima wenyewe. Amri ikatoka: vyumba havifai binadamu, vibomolewe.

Nje ya mahakama Nzomo aliwapita akitabasamu. "Mimi nimewasikiza tu," alisema. "Si mlisema hazikaliki?"

Mukai alimpigia Pauline.

"Pole sana, mama," Pauline alisema. "Lakini takwimu ni za umma. Hatuwezi kuzuia mtu kuzitumia."

"Na dari? Na miti?"

"Tuliipendekeza kwenye ripoti."

Mashine ya kubomoa ilikuja asubuhi, kukiwa na manyunyu. Zamzam alikuwa ameshafunga godoro, anarudi kwa mamake huko Kithimani. Mukai alitaka kumbeba Hanif amsaidie hadi barabarani. Zamzam akamhamishia mtoto bega la pili.

"Tungekaa na joto letu, dada," alisema, bila hasira. Hakugeuka tena. Mukai angependelea atukanwe.

Naye akapata chumba upande wa pili wa mji, cha mabati vilevile, kidogo kuliko cha kwanza. Wateja wake wa zamani hawakumfuata.

Mwaka uliofuata, jua likiwa limerudi na ukali wake, simu ikalia. Ni Pauline, mchangamfu, anaandaa awamu ya pili ya vipimo.

"Wewe ulikuwa nguzo yetu, mama. Huko uliko sasa, joto likoje?"

Mukai alipangusa jasho lililomwingia jichoni. Kupitia mlangoni aliwaona majirani zake wapya wamejibanza ukutani, wanafuata kivuli.

"Huku ni baridi," alisema. "Baridi sana. Usije."

Akakata simu.