Faili la Somo la Arobaini na Moja

Wenye watoto wanaotaka kusomea kompyuta, nisomeni mpaka mwisho. Mimi shule niliishia darasa la tano, na kazi yangu ni kuosha mizizi ya yungiyungi hapa Honghu, China, lakini hili nalijua kwa sababu limeniingia nyumbani.

Mwanangu Bolin alikaa miezi mitano Wuhan, kwenye chuo cha kufundisha kutengeneza programu za kanzidata, zile zinazotunza orodha ndani ya kompyuta: nani kalazwa, nani zamu yake. Walimu hawakuwa na nafasi. Kila mwanafunzi alipewa video mia mbili na mafaili ya mazoezi, basi. Alipokuja sikukuu ya mwaka mpya alinionyesha.

"Mama, tazama. Hii ni orodha ya duka la vitabu la uongo. Naivuruga ninavyotaka, kisha nafungua faili la somo, inarudi mpya."

Nikaona ni jambo jema, mtoto anakosea bila kuumia. Kumbe ugonjwa ulikuwa hapo hapo. Kila faili la somo, mstari wake wa kwanza unaifuta orodha nzima ili mwanafunzi aanze upya. Bolin aliupita mstari ule mara nyingi mno, mpaka macho yake yakaacha kuuona.

Masomo yalipoisha, Mwalimu Nie wa chuo kile aliwaandikia wote wasifu wa kuombea kazi. Wa Bolin ukasema ana uzoefu wa miaka mitatu. Akanipigia simu.

"Mama, huu ni uongo."

"Wenzako wameandikiwaje?"

"Hivyo hivyo. Mwalimu anasema asiyejipamba haolewi."

"Basi na wewe jipambe. Ila huko kazini usimwonyeshe mtu kwamba hujui."

Maneno hayo niliyasema mimi. Siwezi kumsukumia Nie.

Akapata kazi kwenye kampuni inayotunza foleni ya wazee wanaosubiri kupasuliwa macho. Mgeni wa kweli hapewi ruhusa ya kugusa orodha yenyewe. Mwenye uzoefu wa miaka mitatu alipewa siku ya pili. Binti wa meza ya jirani, Dou, alikuwa akimtania kwa jina letu la ukoo: "Kaka Kuang, mkongwe wetu, njoo utufundishe!" Naye anajibu, "Mkongwe ana njaa, mwacheni ale kwanza," kisha anabeba bakuli lake la tambi hadi kwenye ngazi, anatazama video za chuo kwenye simu. Angemuuliza nani? Mtu wa miaka mitatu haulizi mambo ya mwezi wa kwanza.

Jumanne moja asubuhi akaambiwa aongeze kwenye orodha nafasi ya namba ya simu ya mtoto wa kila mgonjwa. Kazi hiyo imo kwenye somo la arobaini na moja. Akachukua faili lake, akatoa jina la duka la vitabu kila mahali, akaweka jina la orodha ya wazee, akalituma lifanye kazi.

"Kaka Kuang," Dou akacheka, "mbona kwenye kompyuta yangu kweupe? Umekula tambi ukashushia na wazee?"

Dou akamtazama usoni, kicheko kikamkatika.

Nakala ya akiba ilikuwa ya siku kumi na tisa nyuma. Wazee walioingia foleni baada ya hapo walitafutwa mmoja mmoja, wengine hawakupatikana. Bosi akamuuliza, "Miaka mitatu yote, mstari wa kwanza tu hukuuona?" Bolin akasema ukweli, kwamba hana hata miezi mitatu ya kazi. Akafukuzwa siku ile ile, na habari ikasambaa kwa waajiri wengine.

Akarudi kuosha mizizi na mimi, vidole vikipasuka kwa maji baridi. Kila alipoomba kazi, kimya. Akiitaja ile kampuni, wanapiga simu kule. Asipoitaja, hana la kuonyesha isipokuwa uongo wa Nie.

Mwisho Nie mwenyewe akampigia. "Njoo ufundishe. Sasa uzoefu unao." Akaenda. Anagawa mafaili, na mchana anawapigia simu wazazi, kutafuta wanafunzi wapya.

Nikamuuliza, "Ule mstari umewaambia wakubwa wa chuo wautoe?"

"Nimewaambia. Mwalimu Nie anasema video zimesharekodiwa."

"Na wewe unawapa watoto wa watu hivyo hivyo?"

"Mama, niende wapi sasa?"

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, akikupigia kijana mwenye sauti ya upole, akajitambulisha Mwalimu Kuang, akakuuliza kama mtoto wako anapenda hesabu, huyo ni mwanangu wa kumzaa. Mkatalie. Asipoandikisha watoto watamfukuza na huko pia, najua. Mkatalie tu.