Maji Mdomoni mwa Kwandu

Pale Dutwa, kwenye kibanda cha fundi baiskeli kilicho jirani na kituo cha mabasi, kazi ilikuwa imegawanywa kwa namna ambayo hakuna mteja aliyeishangaa tena. Masunga alikuwa na mikono. Kwandu, mkewe, alikuwa na mdomo. Masunga akiinama juu ya gurudumu na kunyoosha mkono nyuma huku akisema, "Nipe ile kitu," Kwandu, aliyekuwa akikaanga maandazi kando yake, hakuinua hata macho. Alisema "spana," au "solusheni," au "kiraka," na mteja aliyesimama karibu ndiye aliyeokota kitu hicho na kumkabidhi fundi. Kwandu hakuwahi kukosea.

Sababu ilikuwa kifafa. Cha Masunga hakikuwa kile cha kuanguka na kutetemeka ambacho kila mtu anakijua. Yeye alinyamaza ghafla, akakodoa macho, akatafuna kitu ambacho hakikuwepo, na vidole vyake vikaanza kufungua vifungo vya shati. Baada ya muda mfupi yalikuwa yamekwisha, shati liko wazi, na maneno yamechelewa kurudi. Kadiri miaka ilivyokwenda, mengine hayakurudi kabisa. Alijua kitu ni nini, kinafanya kazi gani na kimewekwa wapi. Kilichokosekana ni jina, na jina alikuwa nalo Kwandu.

Dawa za aina mbili zilijaribiwa kwa dozi kamili, zote zikashindwa. Ndipo daktari bingwa wa kliniki ya Bariadi alipoitazama picha ya ubongo aliyopigwa Masunga huko Mwanza na kuwaonyesha, upande wa kushoto, karibu na usawa wa sikio, kovu dogo. Kovu la namna hiyo huweza kukatwa na kuondolewa Dar es Salaam, alisema, na wagonjwa wengi hupona au hupata nafuu kubwa. Lakini hakuna anayefungua kichwa cha mtu kwa kubahatisha. Vipimo vyote sharti vionyeshe mahali pamoja. Picha ilikuwa imeshaonyesha. Kilichofuata kilikuwa kipimo cha maneno: mgonjwa anaonyeshwa michoro, anataja majina. Kama kovu ndilo linalokula maneno, itaonekana. Isipoonekana, safari ya Dar itasimama hapo hapo.

"Mama atakaa chumbani, ili mgonjwa akishikwa awepo mtu aliyemzoea," alisema daktari. "Ila asiseme neno."

Akamtazama Kwandu, na alikuwa na haki ya kumtazama. Tangu waingie, alikuwa amemuuliza Masunga jina, umri, kazi, na kama anapata usingizi, na yote yamejibiwa na Kwandu. Hata alipombonyeza Masunga shingoni na kuuliza kama anasikia maumivu, aliyejibu ni Kwandu. Alisema haumii.

Waliporudi Dutwa, habari ya kipimo ilimfikia Mzee Januarius, mdogo wake marehemu baba yake Masunga, mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi. Mzee Januarius hakusikia zaidi ya neno kipimo. Kwake yeye kilikuwa mtihani, na mtihani wa ukoo wake haukuwa wa kufanywa kiholela. Kesho yake alifika kabla ya kibanda kufunguliwa, akatoa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka," kwa sauti ya gwaride, akatoa mkobani picha alizokata kwenye kalenda kuukuu: ng'ombe, ngazi, kufuli, kinyonga, mwavuli, kuku. Alizibandika kwenye ukuta wa ghala la pamba, akamketisha Masunga, mwanawe kama alivyomwita siku zote, kwenye ndoo iliyopinduliwa, akachukua kijiti.

Mama yake Masunga naye hakutaka kupitwa. Kila jioni alileta kichwa cha sangara kwenye bakuli, kwa hoja kwamba kichwa hujengwa na kichwa. Masunga hapendi samaki. Neno la kukataa alikuwa nalo, halikuwa miongoni mwa yaliyopotea, ila hakuona wa kumwambia.

Kija, dada yake Masunga, aliachiwa kazi ngumu kuliko zote, yaani kumfundisha Kwandu kunyamaza.

"Wifi, wewe si mgonjwa, ni redio," alimwambia. "Na redio haina dawa ila kuzimwa."

Njia yake ilikuwa ya moja kwa moja. Kwandu alikunywa funda la maji na kulishikilia mdomoni huku Masunga akiulizwa vitu. Kwa mwiko alivumilia. Kwa ungo mashavu yalimtetemeka. Kisha mbuzi wa jirani akapita akiwa na kanga ya mtu mdomoni, Kija akamwonyesha, na Masunga akaanza: "Ile... ile inayokula nguo..." Maji yalitoka kwa kasi, yakampata Mzee Januarius, kinyonga na nusu ya ngazi. Neno mbuzi lilitoka pamoja nayo.

Wakajaribu tobolwa, kiazi kilichochemshwa kikakaushwa, kikubwa kiasi cha kujaza mdomo wote. Kwandu alisema "mbuzi" kupitia katikati ya kiazi, na kila aliyekuwepo alisikia vizuri. Wakarudi kwenye maji, kwa sababu maji angalau yalikuwa na adhabu.

Ugumu haukuwa ukaidi. Kwandu aliona jambo ambalo wengine hawakuliona: kila neno lilipomkwama mumewe, macho yake yaligeuka kumtafuta yeye, kama mtu anayepapasa swichi ukutani gizani. Na yeye alikuwa hajawahi kumwacha gizani.

Wakati huo huo mwanafunzi alikuwa anafaulu. Mzee Januarius alikuwa ametunga wimbo wa vitu vyote vya nyumbani na vya porini, wa kuimbwa kwa mpangilio, na aligundua kwamba Masunga, ambaye hakuweza kulitaja neno kufuli akiulizwa, aliweza kulifikia akianza wimbo toka mwanzo. Basi akionyeshwa kitu, Masunga aliimba kimoyomoyo, sufuria, mwiko, ungo, jembe, na akifika penyewe anasimama na kulitamka kwa sauti. Kwa kinyonga ilichukua muda, kwa sababu kinyonga alikuwa ubeti wa tatu. Lakini alifika.

Kila mtu alishangilia isipokuwa Kwandu. Alisimama na kijiko cha maandazi mkononi, akayapanga maneno ya daktari kichwani moja baada ya jingine, kisha akakiweka kijiko chini.

"Baba," alimwambia Mzee Januarius, "picha inasema kovu liko kwenye maneno. Masunga akifika Bariadi akayataja yote, watasema maneno ni mazima, picha na kipimo havipatani. Hawatamkata. Tutarudi nyumbani na kifafa chetu na wimbo wako."

"Unataka kusema nini, mkamwana?"

"Nataka ashindwe."

Mzee Januarius aliweka kijiti chini. Alieleza kwa kirefu kwamba amefundisha watoto wa Bariadi na Maswa yote, watoro, wavivu, wachunga ng'ombe, mmoja aliyekula daftari, na hajawahi kusikia mzazi, mke wala shetani akiomba mwanafunzi afeli. Kisha akaenda nyumbani bila kunywa chai.

Lakini mwalimu ni mwalimu. Usiku alilitafakari, na asubuhi akarudi na mtaala mpya. Alionyesha picha ya kuku.

"Nini hiki?"

"Kuku," alisema Masunga.

"Kosa. Sema baiskeli."

Masunga alimtazama kuku kwa muda. Alikuwa fundi baiskeli aliyejifunza kazi kwa bidii, na jambo hilo lilimuumiza. Kwandu ikabidi aingilie tena na kueleza kwamba uongo wa kushindwa ni sawa na uongo wa kufaulu, kwamba anayejua kuku aseme kuku, asiyejua kufuli akae kimya bila kuimba, na kwamba kazi ya ukoo mzima kuanzia leo ni kutofanya lolote. Hakukuwa na kazi iliyowahi kuushinda ukoo ule kama hiyo. Mama aliendelea kuleta vichwa vya sangara, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumzuia.

Siku ya kipimo walipanda basi mapema. Chumba kilikuwa kidogo, kina meza, viti vitatu na feni isiyozunguka. Mtaalamu wa saikolojia, dada mmoja aliyeitwa Nancy, aliwapokea kwa upole, akamweka Masunga mbele ya meza na Kwandu nyuma yake. Akawasalimia wote wawili. Masunga aliitikia. Kwandu aliinamisha kichwa tu, mashavu yamejaa. Alikuwa amekunywa funda lake mlangoni.

"Mama anaumwa jino?" aliuliza Nancy.

Kwandu hakuweza kujibu, na kwa mara ya kwanza tangu waoane, jibu lilitoka upande wa pili.

"Ana maji mdomoni," alisema Masunga. "Tumekubaliana."

Nancy aliwatazama kwa zamu, akaona si jambo la kuuliza zaidi, akafungua kitabu cha michoro.

Ng'ombe alitajwa. Kuku alitajwa, kwa mkazo. Ngazi ilikwama. Masunga alisema ni ya kupandia, ina vidato, ameishika wiki iliyopita akiezeka banda, na jina halikuja. Ukurasa uligeuzwa. Mwavuli ulikwama. Kufuli lilikwama. Kwandu alilisikia neno kufuli likigonga meno yake kwa ndani kama mtu aliyefungiwa chooni.

Kisha ukaja mchoro wa pampu ya baiskeli.

Masunga alitabasamu, kwa sababu alikuwa amekutana na mtu wake. Alieleza jinsi inavyojaza upepo, jinsi ngozi ya ndani inavyochakaa, na kwamba hii iliyochorwa ina mpira mfupi kuliko inavyotakiwa. Alifanya kwa mikono miwili kile anachokifanya kila siku ya maisha yake. Nancy alisubiri jina. Masunga alianza kuvuma kooni, na Kwandu akautambua wimbo: sufuria, mwiko, ungo. Pampu ilikuwa ubeti wa kwanza. Ilikuwa karibu sana.

Uvumaji ukakoma. Masunga aliuacha mwenyewe, katikati ya jembe. Kisha akafanya kile alichokifanya siku zote: akageuza kichwa kumtafuta mkewe.

Hapo ndipo Kwandu alipoyameza maji. Hakukusudia. Yalishuka yenyewe, na akabaki na mdomo mtupu, mkavu, wenye neno moja lililokaa kwenye ncha ya ulimi tayari kabisa. Mumewe anamtazama. Miaka yote ya ndoa, swichi ilikuwa pale.

Alichukua pindo la kanga yake, akalijaza mdomoni, akafumba macho.

Alisikia karatasi ikigeuzwa.

"Tuendelee," alisema Nancy.

Walipomaliza, Nancy aliandika kwa muda, kisha akasema uamuzi wa mwisho si wake, ni wa madaktari wote wakikaa pamoja. Lakini alichokiona kinapatana na picha vizuri, na atapendekeza Masunga aende Dar es Salaam kwa vipimo vilivyobaki. Akaongeza, akimtazama Kwandu aliyekuwa angali na kanga mdomoni, kwamba amefanya kazi hii muda mrefu na hajawahi kupata msindikizaji mtulivu namna hii.

Walitoka kwenye korido, mahali watu walipokuwa wamekaa kwenye mabenchi wakisubiri zamu zao. Masunga alisimama, akalitoa pindo la kanga mdomoni mwa mkewe kwa vidole viwili, kama anavyochomoa mwiba kwenye tairi.

"Sasa sema," alimwambia.

"Ngazi," alisema Kwandu. "Mwavuli. Kufuli. Pampu. Kinyonga. Mkasi. Kengele. Mizani. Nanga, hata mimi nanga nimeiona kwenye kalenda tu. Kiwavi. Darubini."

Alizitaja zote kwa mpangilio ule ule zilivyokuja, bila kuvuta pumzi, na watu kwenye mabenchi wakageuka. Mzee mmoja alisogeza fimbo yake karibu.

"Ndiyo," alisema Masunga. "Hizo hizo."

Simu ilikuwa inaita mfukoni mwake. Kwandu alinyoosha mkono kuipokea kama kawaida, kisha akaurudisha. Masunga aliitazama simu, akabonyeza. Sauti ya Mzee Januarius ilisikika hadi kwenye mabenchi ikitaka matokeo, na nyuma yake sauti ya mama ikiuliza kama vichwa vya samaki vimesaidia.

"Nimefeli, baba," alisema Masunga.

Mwalimu akataka uhakika.

"Umefeli kihalali?"

"Kihalali kabisa."

Walimsikia mwalimu akishusha pumzi, kisha akigeuka kuwatangazia waliokuwa naye, na kutoka Dutwa vigelegele vya mama vikaja simuni, virefu, vya kumpongeza mwanawe kwa kushindwa.