Mwisho wa Kitabu cha Josefina

Mihogo ya Mama Mashavu, pale Chanika ya Handeni, hufungiwa karatasi za vitabu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku na magazeti yameadimika, kwa hiyo shule zikipunguza vitabu vya zamani gunia huletwa kando ya karai na kazi inaendelea. Kitabu huchanwa kuanzia nyuma. Wakaangaji wote wa pale wanafanya hivyo, maana jalada la mbele likibaki linazikamata kurasa zisipeperuke. Ndiyo kusema mwisho wa kitabu ndio unaotangulia kuliwa.

Aliyekaanga na kufunga alikuwa Mwantumu, binti wa kaka yake Mama Mashavu. Aliishia darasa la saba. Alifaulu, lakini mwalimu mkuu wake, Mwalimu Valerian, alimwita ofisini akamwambia nafasi za sekondari zimejaa, na jioni ile ile Mwantumu akasimama kwenye karai. Kati ya mteja na mteja alikuwa anasoma. Yeye akisoma kutoka mbele, wateja wakila kutoka nyuma, mpaka wakutane.

Siku moja asubuhi Faraji, fundi pikipiki wa jirani, alikuja ameunyoosha mkono.

"Mwantumu, hii karatasi yako haitoki. Nimepiga sabuni ya unga, nimepiga petroli."

Mwantumu akautazama mkono. Kiganjani palikuwa na maandishi, mistari imenyooka, herufi hazikugeuka.

"Ni ukurasa wa Josefina," akasema.

"Josefina gani?"

"Mwenye kitabu. Mtu wa Mashewa."

"Mashewa hii hii?"

"Kwani ipo nyingine?"

Faraji akafikiri. "Mashewa wanatoa mahindi," akasema, kisha akarudi gereji.

Picha ya Josefina ilikuwa ndani ya jalada la mbele. Mama mweusi, mwembamba, amesuka twende kilioni, amevaa gauni la kwenda kanisani. Mwantumu aliitazama muda mrefu siku aliyoiona mara ya kwanza. Hakuwahi kufikiri vitabu vinaandikwa na mtu. Alidhani vinafika tu, kama chumvi.

Wiki ile wengine wakaja na mikono yao. Ikaonekana kwamba gunia lilikuwa na wino wa namna mbili. Vitabu vya hesabu, na vile vya watoto wa Ulaya wanaochezea theluji, wino wake ulitoka kwa maji matupu. Vile ambavyo mwandishi wake ni mtu mweusi, awe wa Mashewa au wa ng'ambo huko, wino ulifuata mafuta ukaingia kiganjani ukakaa. Haukuuma. Mtu alilima nao, alichota nao maji, alitawadha nao. Shehe aliulizwa, akasema udhu haubatiliki.

Kitabu cha Josefina ndicho kilichokuwa kimeenea zaidi, kwa sababu gunia lilikuwa na nakala zake nyingi. Watu wakaanza kusimamishana njiani. Mtu aliyebeba sura ya pili alitaka kujua ya tatu iko kwa nani. Mwishowe ikakubalika kwamba siku ya gulio, jua likipungua, wenye mikono wakae kwenye mabenchi kwa mpangilio wa kurasa, na Mwantumu apite asome.

"Gregori, toka hapo," Faraji akasema. "Wewe ni sura ya nne."

"Mimi nilirudia kula," Gregori akasema, akainua mikono yote miwili. "Nakaa wapi sasa?"

"Kaa katikati utandaze."

"Na wanunue basi," Mama Mashavu akasema kutoka kwenye karai. "Mnanikalia mabenchi bure."

Mwantumu akaanza na sura ya kwanza iliyobaki kwenye jalada, kisha akaingia kwenye mikono. Alishika kiganja kimoja kimoja, akikigeuza kwenye mwanga. Bibi Munira, ambaye hajui kusoma, alikuwa ameufunga mkono wake kwa kitambaa tangu asubuhi usichafuke. Alipofikiwa akaufungua polepole na kuulaza kwenye mapaja ya Mwantumu. Kitabu kilimhusu Salome, mtoto wa mkata mkonge, aliyefaulu akakosa nafasi, na kila asubuhi anakwenda kusimama nje ya dirisha la darasa. Watu walisikiliza. Wazee waliokulia kwenye kambi za mkonge walisahihisha majina ya kamba na visu. Mmoja alisema, "Huyo Josefina anamfahamu baba yangu, ndivyo alivyokuwa kweli, mkali lakini anaimba."

Salome akafika dirishani kwa mara ya mwisho, akaweka mkono kwenye kioo. Hapo mikono ikaisha.

"Endelea," Bibi Munira akasema.

"Hakuna mwingine, bibi."

Nakala nyingine zote zilikuwa zimekwisha, na kurasa zake za mwisho zilikuwa zimeloa gunia likiwa bado njiani, zikatupwa. Ukurasa wa mwisho wa kitabu cha juu tu ndio uliokuwa mkavu. Mama Mashavu akakumbuka nani aliula. Ni mtu aliyeleta gunia, alikuwa na njaa, akafungiwa wa kwanza. Mwalimu Valerian. Naye alikuwa ameshahamishiwa Kwashemshi.

Mwantumu aliomba ruhusa ya siku moja. Kama Salome aliingia darasani, basi ilikuwepo namna ya kuingia, na Mwantumu alitaka kuijua hiyo namna. Akapanda gari la Korogwe, akashuka, akachukua bodaboda kupanda milimani.

Shule ilikuwa inasherehekea maktaba mpya. Kulikuwa na utepe mlangoni na watoto waliovaa soksi safi. Mwalimu Valerian alikuwa ofisini anapumzika.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mwantumu, siyo? Ulikuwa na mwandiko mzuri wewe."

"Nimefuata mkono."

Mwalimu hakuuliza mkono gani. Akaulaza mezani kama mtu anayepimwa zahanati.

"Mke wangu anasema unachafua mashuka," akasema. "Mimi sijausoma. Maandishi madogo."

Mwantumu akakiinamia kiganja. Salome aliona dawati moja halina mtu, la pili kutoka dirishani. Alilionyesha kwa kidole. Mwalimu wa darasa akaja, akalitazama dawati, akamtazama yeye. "Nafasi zimejaa, mama," akasema, akafunga dirisha. Salome akabaki pale mpaka kengele ilipogongwa. Chini ya kidole gumba paliandikwa: mwisho.

"Inasemaje?" Mwalimu akauliza.

"Hakuingia."

"Ahaa." Akatikisa kichwa taratibu. "Wengi hawaingii."

Wakatoka kuangalia maktaba. Vitabu vya msaada vilikuwa vimepangwa vizuri, migongo inang'aa, watoto wa theluji mbele. Nyuma ya mlango palikuwa na gunia lililoshonwa mdomo.

"Hivi vya zamani nafasi hakuna," Mwalimu akasema. "Na kwa kuwa unarudi Handeni, ungemfikishia shangazi yako."

Mwantumu akatazama rafu ya chini. Ilikuwa tupu, kutoka ukuta hadi ukuta.

"Na ile, mwalimu?"

"Ile tunaviwekea vya msaada vinavyokuja."

Akamsaidia kulipakia gunia kwenye bodaboda, akalifunga mwenyewe kwa mpira, vizuri, lisidondoke.

Kesho yake karai likapata moto kama kawaida. Mwantumu akatoa kitabu cha juu. Ndani ya jalada palikuwa na mzee mweusi mwenye kofia, jina lake gumu kutamka. Akachana ukurasa wa mwisho, akafungia muhogo, na Faraji akanyoosha mkono kuupokea.

"Huu siuzi," Mwantumu akasema. Akaushika yeye, wa moto, mpaka mafuta yakapita.

Siku hizi ndivyo ilivyo. Muhogo wa kwanza wa kila kitabu anaula Mwantumu. Ukurasa mpya ukiingia unausukuma wa zamani kupanda juu, na sasa kurasa zimeshapita kiwiko. Anayetaka kujua kitabu kinaishaje anakwenda Chanika, anasubiri foleni ya mihogo ipungue, na Mwantumu anakunja mkono wa gauni. Magunia bado yanakuja, kila shule inapopata maktaba.