Jumatano za Bura

Huku kwetu bonde la mto Mirna, mwanamke atakuambia umri wake, maradhi yake, hata mwanamume aliyempenda kabla ya mumewe. Mahali anapochimba uyoga, ule wa chini ya mialoni unaouzwa kwa bei ya dhahabu, hakuambii ng'o. Marehemu Pjero alimwonyesha mkewe Fume mialoni yake baada ya miaka kumi na tisa ya ndoa, na hata siku hiyo alimzungusha msituni kwanza, asije akaikariri njia upesi. Ucio, ndugu yake wa tumbo moja, alimwomba siri hiyo mpaka kwenye kitanda cha kufia. Pjero akageukia ukutani.

Wakabaki wawili tu wanaoijua mialoni ile: Fume na Bura, mbwa jike mwenye manyoya ya kipilipili na pua ya kunusa uyoga mweupe uliozikwa chini kabisa penye mizizi. Miaka tisa walichimba pamoja na kulala kitanda kimoja. Fume hakujaliwa mtoto. Alimwita Bura mwanangu, na anayetaka kucheka acheke.

Septemba Bura alianza kukohoa, tumbo likajaa maji. Daktari Nevija, wa wanyama, kule mjini, akasema ni moyo.

"Umlete kila Jumatano nimtoe maji. Na msitu ndiyo basi, mama. Akikimbia, akichimba, utamzika."

Fume alipoiona ile sindano alizimia, daktari akalazimika kumwacha mbwa amshughulikie yeye. Habari ilifika kijijini kabla yake. Kesho yake Ucio alikuja na pikapu, anacheka mpaka machozi.

"Shemeji, wewe utamuua daktari wa watu kwa kazi. Kaa nyumbani upike. Mimi nitampeleka."

"Wewe? Tangu lini unapenda mbwa?"

"Mbwa simpendi. Nakuonea huruma wewe."

Fume alilia. Miaka yote tangu msiba salamu zao zilikuwa za mdomoni tu, kwa ajili ya mialoni ile, na leo mtu amekuja mwenyewe na gari. Akamkabidhi kamba ya mbwa. Yaani mwanamke ambaye asingemtajia hata padri mwaloni mmoja, alitoa kwa mkono wake pua inayoijua yote. Hilo halikumpitia akilini. Alikuwa anawaza tumbo la Bura.

Na Bura akachangamka. Siku sita analala kando ya jiko, hataki supu wala soseji. Ikifika Jumatano anaamka mwenyewe, anakwenda langoni, mkia unapiga nguzo. Anarudi jioni hoi bin taabani, macho yanang'aa. Tumbo halikupungua, lakini Ucio alisema daktari anaomba subira. Fume akawatangazia majirani kwamba dawa imekubali, na kwa shukrani akampa Ucio koti la marehemu, lile la ngozi.

Jumatano ya tano, asubuhi, daktari Nevija alipiga simu.

"Mama Fume, pole sana. Nimesita kukupigia. Bura alikufa lini?"

"Afe? Si huyu hapa miguuni pangu."

"Sasa mbona huu mwezi mzima sijamwona? Mlete leo, tafadhali. Leo hii."

Fume aliinua mguu wa Bura. Katikati ya kucha kulikuwa na udongo wa kijivu. Alikuwa ameuona wiki zote hizo, akadhani ni wa uani kwa daktari. Akaunusa, akajua ni wa mwaloni gani.

Honi ikalia. Ucio akashuka, kavaa koti la Pjero.

"Shemeji, mgonjwa yuko tayari?"

"Daktari anakusalimu," Fume alisema. "Anauliza tulimzika wapi."

Ucio akavua kofia, akaivaa tena.

"Amekuonyesha mialoni mingapi?" Fume alimuuliza.

"Yote." Akatazama chini. "Sikumlazimisha, Fume. Nilifungua mlango wa gari tu. Alinipeleka mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, anatikisa mkia. Wewe umemlaza pale jikoni kama maiti."

"Ungeniibia mimi. Huyu alikukosea nini?"

Bura akajipenyeza katikati ya miguu ya Fume, tumbo linaburuzika ardhini. Akaweka miguu ya mbele kwenye pikapu, akashindwa kupanda. Akageuza kichwa kutafuta wa kumbeba, na macho yake yakamwendea Ucio.

Hapo ndipo Fume alipochomwa. Ucio ni Ucio. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii alikuwa anaijua chawa wake. Lakini Bura? Amemlisha kwa kijiko, amemfuta matapishi, halafu mbwa huyu akawasaliti yeye na Pjero kwa mtu wa kwanza aliyefungua mlango wa gari. Alitamani kumpiga. Alimkumbatia, akahisi moyo wake unavyohangaika.

"Vua hilo koti," alimwambia Ucio. "Halafu usikanyage tena hapa."

Jirani aliwapeleka mjini. Daktari alitoa maji lita nne, akaweka sindano chini, akavua miwani.

"Moyo umechakaa. Wiki mbili, labda tatu. Akitulia."

Akatulizwa. Fume alimfungia ndani, akamtandikia blanketi, akampikia ini. Bura hakuligusa. Jumatano iliyofuata alikuna mlango mpaka Fume akaufungua, akajikokota hadi langoni na kukaa pale, masikio juu.

Fume alikwenda akaketi chini mbele yake, kipande cha ini kiganjani.

"Haji, mwanangu. Nimemfukuza. Mimi nipo, lakini. Kula."

Bura alisogeza kichwa pembeni kidogo, ili Fume asimzibie barabara.