Akidi ya Bi Zuwena

Mkutano wa kijiji ulikuwa umevunjika mara mbili kwa kukosa akidi, na Bi Zuwena alijua kwamba ukivunjika mara ya tatu, diko limekwenda. Mwenyekiti alishasema: watu mia wasipofika, halmashauri ya kijiji itaamua yenyewe kama diko hilo, ufukwe wa kushushia samaki, apewe tajiri wa hoteli. Na halmashauri ilishakula pilau la tajiri, nani asiyejua?

Hayo yote Zuwena aliyaandika katika Kisemeo, gazeti lake la kurasa nne analolichapa mwenyewe kule Ngamiani. Matoleo matatu mfululizo. Watu wakafungia maandazi.

Miaka ishirini na tano nyuma asingehitaji gazeti. Kaseti zake za taarabu zilivuka forodha ya Horohoro zikapigwa mpaka Mombasa. Akishika kipaza sauti, wanawake wanainuka vitini, na mpiga kodiani anamkonyeza aanze. Jamani, siku zile! Alizikumbuka kila siku ya Mungu, wala hakuona haya kuzikumbuka. Lakini alikwenda hija na mamake, na huko huko Maka mama alimshika mkono, akamwapisha kwamba akirudi hataimba tena. Mama ameshatangulia mbele ya haki. Kiapo kimebaki.

Sasa ilikuwa saa nane mchana, uwanja wa shule, jua la utosi. Mzee Shehe, mwenyekiti, alihesabu watu sitini na mmoja.

"Hajati, nakupa robo saa," alisema. "Kisha nafunga daftari."

Tuhfa akamsogelea. Miaka tisa alikuwa mwitikiaji wake jukwaani. Siku hizi anakaanga pweza pale dikoni, na watoto wamesoma kwa pweza huyo.

"Zuwena, mwenzangu, ubeti mmoja tu. Watakuja mbio, hata wagonjwa."

"Nimeapa, Tuhfa."

"Kwani kuapa kwako ndo mie nikalale njaa?"

"Nilimwapia mama. N'tamwambia nini?"

Zuwena akafungua gazeti, akaanza kulisoma kwa sauti, neno kwa neno. Watu wakapiga miayo. Mmoja akaondoka, wakabaki sitini.

Hapo Tuhfa akakaza kanga kiunoni, akaanza mwenyewe ule wimbo wa Zuwena wa zamani: *Nirudishie pete yangu, kidole kimeizoea.* Sauti yake haikuwa ya mbele hata siku moja, na sasa moshi wa mafuta umeikwaruza. Lakini wanawake wa makamo wakadakia, wakapiga makofi, na wimbo ukaruka ua wa shule ukaingia vichochoroni.

"Zuwena kaimba! Zuwena karudi!"

Wakamiminika. Huyu ana unga mikononi, yule kanyolewa nusu kichwa, kinyozi anamfuata na mkasi. Walipotambua kwamba anayeimba ni muuza pweza, Mzee Shehe alishawaandika: mia na saba. Mtu wa haki yule, hata kama pilau alilila. Akauliza swali lake, mikono ikainuka, na diko likabaki la wavuvi.

Zuwena alipaswa kufurahi, na alifurahi. Ila wanawake hawakunyamaza. Walirudi kwenye wimbo, wakauharibu ubeti wa pili vibaya sana, naye mwili mzima ukamwasha kuwasahihisha. Wakafika ubeti wa tatu, pale ambapo zamani waitikiaji walikuwa wakinyamaza, na Zuwena akipanda peke yake kwa mstari mmoja.

Tuhfa akamgeukia, kama jukwaani. Uwanja mzima ukageuka.

Zuwena akalibana gazeti mdomoni kwa mikono miwili. Machozi yakamtoka mbele ya watu wote, naye hakuyafuta.

Hakuna aliyemsihi. Hakuna aliyeuchukua mstari ule. Wanawake walibaki kimya, makofi tu yakihesabu mapigo, mpaka mstari wake ukaisha, ndipo wakaitikia.