Breki Iliyonyamaza

Breki ya nyuma ya pikipiki ya Modesta ilikuwa ikilia kila akisimama, na mumewe Silas alichoka kuisikia. "Unaingia nyumbani, kijiji kizima cha Soga kinajua," alilalamika. Jumapili moja Modesta alimwona amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma na kopo la oili. Akadhani anapaka mnyororo. Kelele zikakoma, akamshukuru.

Kesho yake alikuwa njiani kwenda Vihingo, kwenye zahanati alikokuwa nesi. Kwenye mteremko ng'ombe wakakatiza. Akakanyaga breki kwa nguvu zote. Pikipiki ikaenda kana kwamba haikuguswa. Akabana ya mbele, tairi likateleza mchangani. Mguu ukavunjika chini ya goti.

Silas aliwapigia simu ndugu zake wote wa Bukoba. "Huyu hajui kuendesha. Nilimkataza, kichwa ngumu." Modesta alikuwa kalala pale pale, plasta mguuni. Akaamini. Kutwa aliurudia ule mteremko kichwani akitafuta kosa lake.

Silas akaamua pikipiki iuzwe. Mnunuzi akataka breki ziangaliwe kwanza, ndipo akaitwa Omary, fundi wa jirani. Modesta akawekewa kiti barazani.

Omary alikanyaga pedeli, akaangalia inavyorudi. Nzuri. Akazungusha gurudumu huku amekanyaga, likazunguka. Akalifungua. Breki shuu, vile vipande vya ndani vinavyobana gurudumu, zilikuwa nene bado, ila nyeusi, zinang'aa. Akapitisha kidole, akanusa.

"Oili hii. Nani katia oili humu?"

"Itakuwa imetoka kwenye mnyororo," Silas alidakia.

"Kaka, mnyororo wenyewe mkavu kama kuni. Na huku nyuma oili haina njia ya kuja yenyewe. Imetiwa." Omary akatikisa kichwa. "Breki ikilia unafungua, unasafisha vumbi, unapiga msasa. Ukitia oili inanyamaza, lakini haishiki tena. Mtu anakufa hivi."

Modesta alimtazama mumewe. Silas alikuwa anatazama simu ambayo haikuita.

"Tia mpya, funga," Silas akamwambia fundi.

Omary alipoondoka, Modesta aliongea taratibu. "Baba, wapigie wale wa Bukoba. Waambie na hili."

"Mambo ya ndani hayatangazwi, mama. Yameshapita."

"Mbona mguu wangu uliutangaza?"

Silas akainuka, akachukua kofia yake, akatoka.

Mnunuzi alipokuja, Modesta alimwambia mwenyewe kuwa pikipiki haiuzwi. Mguu uliunga vibaya kidogo. Akarudi kazini akichechemea, akaendesha kama zamani. Silas hakuomba radhi. Mama mkwe wake alipokuja kutoka Bukoba kuwatembelea, alimshika Modesta mkono mezani, akamsihi mbele ya mumewe, "Mwanangu, uwe unamsikiliza mwenzio." Silas akajiongezea mboga. Modesta akasema, "Nimesikia, mama," akaondoa vyombo, na mgeni alipoondoka akahamishia kitanda chake chumba cha wageni.