Ugonjwa Usio na Kisanduku

Kola ya arobaini na moja ilitoka cherehani imeshonwa kinyume, upande wa ndani ukiwa nje. Mama Kola aliigeuza, akaokota iliyotangulia, nayo ilikuwa vilevile. Alikuwa ameshona kola tu kiwandani pale kwa miaka kumi na moja, hadi wenzake wakampa jina hilo, na leo mikono ilikuwa kama ya kuazima.

"Nani kalala huko?" Sauti ya msimamizi ilifika kabla ya miguu yake. Walimwita Kipaza, naye alilijua jina hilo na kulipenda. "Kola sabini kwa saa, mama! Wewe unashonea wanasesere?"

Alipogonga meza, Mama Kola aliruka kitini na kukata uzi. Zamani angecheka. Tangu idadi ipandishwe kutoka hamsini, na hata chooni watu waende kwa kibali, hakucheka tena. Nyumbani kifuniko cha sufuria kikianguka, alitetemeka mwili mzima. Lakini lililomtisha zaidi ni la juzi. Alipiga magoti kusali, na maneno aliyoyajua tangu utotoni yakamkatikia katikati. Alibaki pale mbele ya Mungu wake, hana la kusema.

Mapumziko ya mchana yalipofika, akatoa barua ya daktari mkobani.

"Unaipeleka ofisini?" aliuliza mshona mifuko, jirani yake wa mashine. "Shoga, ukitaja akili watakuita chizi. Nenda ukaombewe tu."

"Nimeomba, na ninaendelea kuomba. Na zahanati nimekwenda."

Huko daktari alikuwa amemweleza taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Mtu akishtushwa mara moja, hutulia. Akishtushwa kila siku, mwaka hadi mwaka, ubongo huzoea kuogopa: sehemu inayoonya hatari huwa kali kupita kiasi, na inayoshika kumbukumbu huchoka. Ukiachwa hivyo, ugonjwa wa akili huingia. Si laana. Akipumzika, akilala na kutibiwa, mengi hurudi. Akamwandikia mapumziko ya wiki nne.

Ofisini, karani aliishika barua hiyo kwa ncha za vidole, kana kwamba inaambukiza. Akavuta fomu.

"Mgongo. Macho. Kifua. Uzazi. Ajali." Kalamu ilishuka kisanduku kwa kisanduku. "Wako haumo, mama."

"Uongeze."

Karani akacheka. "Nikusaidie, mama yangu. Rudi kwa daktari akuandikie mgongo, kesho tu unapata likizo. Kwa barua hii, meneja atasema kazi imekushinda, na kwaheri. Unadhani wote wanaokuja hapa wanaumwa mgongo kweli?"

Mama Kola alihesabu kichwani. Katika mstari wake peke yake, watatu walikwenda likizo ya mgongo mwaka huu. Mmoja alikuwa akilia chooni hadi kibali kinakwisha.

"Kumbe," alisema polepole. "Ndiyo maana sabini inabaki sabini. Kwenye makaratasi yenu sisi tunaumwa migongo tu."

"Hizo sasa ni siasa."

"Mimi ninasali, mwanangu, uongo siuwezi. Na wakinitibu mgongo, kichwa kitapona lini?"

"Basi muhuri sigongi."

Mama Kola akaichukua kalamu mezani. Chini ya Ajali akachora kisanduku, kikakaa upande upande, akakitia alama ya vema. Kando yake akaandika kwa herufi kubwa za shule ya msingi: UBONGO. UMECHOSHWA NA KAZI.

"Umeharibu fomu!"

"Mpe meneja hivyohivyo ilivyoharibika."

Nje ya geti palikuwa na foleni ya wanawake wanaosubiri nafasi za kazi. Mlinzi alimkodolea macho. "Saa hizi? Wamekufukuza?"

"Bado. Ninaumwa."

"Mgongo?"

"Akili," alisema, kwa sauti ya kumfikia aliye mwisho wa foleni. "Kazi ya humu imeniumiza akili. Ninakwenda kutibiwa, kisha nitarudi."

Hakuna aliyecheka. Msichana wa mbele kabisa, mkoba ameukumbatia kifuani, aliuliza kwa aibu, "Samahani, mama. Ni mashine gani iliyobaki wazi?"

Mama Kola alimtazama vidole. Vilikuwa vyembamba, na bado havitetemeki.

"Ya kola, mwanangu," alisema. "Wakikutajia sabini, wewe sema hamsini."